Chupa ya Udongo

Jumatano, saa tatu, Mwakirunge,
upande wa pili wa moshi wa jaa,
tunavua ndara na kuingia shambani.
Mwalimu wetu, Saumu Luvuno, hana ubao.
"Ubao mnaukanyaga," asema,
kisha anatugawia chupa tupu za maji,
kila mtu na yake.

Tia udongo hadi nusu. Tia maji. Tikisa
kama unayemwamsha mtoto wa shule.
Sasa iache. Usiiguse.

Mchanga ulitua kwanza, mbio, kama mgeni mwenye njaa.
Tope laini likafuata.
Udongo wa mfinyanzi ukakawia, ukakawia,
hata kulipokucha ukawa utando tu,
mwembamba kama ukucha.
Miaka kumi na moja nimelilima shamba lile
na sikuwahi kuliona limesimama wima.

Nikaipeleka nyumbani, nikaiweka mezani
kati ya chumvi na redio.
Ngala akauliza, "Hiki nacho ni nini?"
"Ni shamba lako."
Akacheka. Kisha akainama,
akaizungusha ile chupa, asiseme neno.
Mahindi yake yalikuwa tayari mfukoni,
mbegu ya mkopo, risiti kwa jina lake.

Nilimwomba kipande cha juu, penye mchanga,
kile kinachopakana na ua wa Mbodze.
"Nipande nitakacho?"
"Panda,"
alisema, kama mtu anayekuachia chenji ya shilingi tano.

Nilipanda kunde.
Saumu alikuwa ameshauri mihogo;
mimi nilitaka kitu cha haraka, kitu cha kuonyesha.
Niliamua peke yangu, usiku, kwa vidole,
nikihesabu siku sitini hadi ada ya muhula.

Vidukari walikuja wiki ya tano,
weusi, wameshikana shinani kama masizi ya sufuria.
Niliambiwa nigeuze majani kila siku ya pili.
Wiki ile mtoto aliugua. Sikuyageuza.
Nilivuna kibaba na nusu.

Basi hasara ikapata jina: kunde za Umazi.
Kwenye foleni ya maji, kunde za Umazi.
Mama mkwe, taratibu, huku akipeta: "Tulisema."
Hata muuza mkaa alijua.

Nikakaa, nikahesabu.
Mahindi ya Ngala yalikauka mwaka nilioolewa,
na wa tatu, na wa nne,
na ule tuliouza mbuzi wawili tukanunua unga.
Misimu tisa amekosea,
na misimu yote tisa tukaiita mvua.
Kosa langu moja
halikupata hata wingu la kujifunika.

Jumatano nilikwenda na aibu yangu nimeifunga kwenye pindo la leso.
Saumu hakunipa pole.
"Lete daftari. Waliingia siku gani?
Upande upi wa shina? Sisimizi walikuwepo?"
Wenzangu wakachutama, wakageuza majani yaliyosalia,
wakiguna kama mafundi waliofungua injini.
Kache akaandika. Mbodze akabishana na Kache.
Hakuna aliyesema "zako." Walisema "hizi kunde,"
na kosa likawa kitu cha kushika,
chenye uzito, chenye tarehe.

Vuli imekaribia.
Jana Ngala alisimama mlangoni na mfuko wa mbegu begani,
haingii, hatoki.
Chupa bado ipo mezani, imetulia tabaka tabaka.
Akaunyosha mkono, akaitikisa.

"Umeivuruga," nikamwambia.
"Sasa itabidi tungoje mpaka kesho."

Akautua mfuko.
Akavuta kiti.
Tukangoja.