Kwenye herufi C

Umeme umerudi Kadutu saa nne za usiku.
Mushagalusha anasoma, mimi nachapa:
ukoo kwanza, mkato, jina, nukta,
mwaka ndani ya mabano,
jina la kitabu lilale,
mstari wa pili uingie ndani
kama anayepisha wageni mlangoni.

Tumefika kwa muuza sambaza wa Nyawera.
Mchapishaji? Hana.
Kurasa? Mushagalusha anacheka:
siku tatu, na ndoo tupu.
Profesa anataka tumtupe mwisho, kwenye viambatisho.

Nimemweka kwenye C.
Cibalonza, M., mahojiano,
katikati ya maprofesa wawili wa Ulaya,
na harufu yake ya samaki.

Printa inakohoa.
Ukurasa wa tisini na mbili unatoka wa moto,
nukta moja imesahaulika.