Kituo cha Tatu

Umeme ulipomulika upande wa Nyiragongo
nikaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu…
Radi haikunisubiri nifike kumi.

"Basi! Acheni rungu la chuma hapohapo! Wote barazani!"
Wakanizomea. Hata mama Byamungu, na mwavuli wake.
Tulikuwa saba kwa saba,
Kavira yuko kituo cha tatu,
goti limechanwa na mawe ya volkano,
hatua chache tu afike nyumbani.

Mvua ya Goma haipigi hodi.
Ilitwanga mabati ya shule
hadi nikabaki mdomo unaofunguka bure.
Mistari ya chokaa ikatiririka,
maziwa juu ya jiwe jeusi.

Nikahesabu watoto: kumi na saba.
Nikarudia. Kumi na saba.

Wa kumi na nane akaja, wala hakimbii,
amekumbatia gunia la mchele lililojaa maranda:
kituo chenyewe, kinachuruzika.
Akakibwaga sakafuni, akapanda juu kwa miguu yote miwili.
"Kocha, andika," meno yakigongana,
"bado niko cha tatu."

Karatasi ilikuwa uji. Nikaandika.
Kisha nikamvisha koti langu
palepale aliposimama.