Zamu Ilikuwa Yangu

Nemesio, hesabu ya alfajiri imekwisha.
Mia mbili na kumi na saba, wote wamo.
Nimeandika daftarini kwa kalamu ile ile inayovuja.
Kurasa tatu nyuma bado uko kazini,
mwandiko umelala upande kama mtu apandaye mlima akipigwa na upepo.

Hapa juu ya Juliaca maji huganda ndooni,
kufuli hunasa ngozi ya kidole,
na wewe ukihesabu watu kwa lugha ya mama yako,
maya, paya, kimsa,
ukidai Kihispania hukosea usiku.
Nilikucheka. Sasa nami nahesabu hivyo,
vibaya, nakwama kwenye saba.

Sitakupamba. Marehemu hupambwa hadi asitambulike.
Hasira zako zilikuwa karibu.
Ulimfungia kijana wa Azángaro siku mbili peke yake
kwa kuwa aliigiza mwendo wako, na aliupatia.
Ulikopa kwangu soli arobaini tangu kanivali,
na kila nikikutazama ulianza habari za mvua.
Lakini mkuu alipoamuru madirisha ya wodi ya kikohozi yapigwe misumari,
wagonjwa wasije wakatoroka,
"Watatoroka kwa mapafu gani?" ulimuuliza,
ukavunja kioo kwa kitako cha rungu.
Walikikata mshaharani.

Kisha Agosti.
Zamu ya wodi ile ilikuwa yangu.
Mwanangu alikuwa na mechi; nikakuomba wiki moja.
"Nenda," ukasema, "tutapunguza lile deni."
Wiki ikazaa mwezi, maana Machaca aliteguka mguu
na hapakuwa na mwingine.
Ulimbeba Saturnino mgongoni hadi kwenye gari,
mifupa ndani ya blanketi, mdomo wake shingoni pako,
saa nzima ya mashimo, vioo vimepandishwa kwa baridi.
Barakoa zilikuwa zimeagizwa.
Zilifika Novemba, katoni nne.
Nilizitilia sahihi mimi.

Yeye alipona. Nakuambia kwa kuwa ungeuliza.
Anafuma kofia za sufu karakanani
na hapiti mlango wako wa zamani, huzunguka.

Wewe ulikonda bila kelele.
Nilikukuta stoo ukitoboa mkanda tundu jipya kwa msumari.
Tumbo tu, ulisema. Chakula cha hapa.
Nikakubali, kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi.

Lima walileta bendera na barua.
"Aliyetoa uhai wake," imeandikwa,
kana kwamba ulikuwa nao mfukoni
ukautoa ukampa mtu.
Na jina lako, Ccopa, wameliandika kwa C moja.
Fortunata akavaa miwani, akaomba kalamu,
akaichomeka ya pili mahali pake,
akaupuliza wino hadi ukakauka.
Ndipo akalia.

Mechi tulifungwa, tatu bila.
Sikuwahi kukuambia, hukuwahi kuuliza.
Zile soli arobaini nimezifuta.
Deni lingine sijui hulipwa dirisha gani.

Kioo chako wamekiziba kwa kadibodi.
Kila zamu naing'oa,
baridi inaingia, wagonjwa wananitukana,
nasimama pale nikihema nao.
Kesho yake naikuta imerudi.