Milimita Sitini

Otuoma ameniwekea lenzi mbili mezani, kibandani kwake Kibuye:
ya mia na tano, nzito kama pakiti ya unga,
na ya sitini, fupi, imechubuka ukingoni.
Kamera isikusumbue, anasema,
hata hii kuukuu iliyochoka na harusi itakufaa.
Saa haikimbii.

Saa haikimbii!
Baba angemchapa kwa koleo.

Ninazo kumi na tisa za kuuza,
wenyewe walizileta kwa fundi wasirudi.
Mnunuzi yuko Nakuru, anataka picha,
akrabu zikae kumi na kumi, kaandika,
zifunguke kama mikono ya mwenye nyumba.
Mimi husoma hapo saa nne na dakika kumi;
ndivyo nilivyofunzwa, namba itazame,
kisha utaje iliyo mkabala wake.

Nimeijaribu ya mia na tano, mlangoni, jua la saa nane.
Ina adabu, husimama mbali,
mwanga unapita kati yetu bila hodi.
Ila nikipumua tu, saa imetoka kwenye picha.
Yataka miguu mitatu ya chuma,
na kila mguu una bei yake.

Ya sitini hutaka niiname.
Utosi wangu unatia giza uso wa saa,
na kiooni kuna mtu wa pua pana, jicho moja kalifumba.
Usubi wa ziwani umetua juu ya tisa:
dude zima, lina manyoya.
Nikiinasa akrabu, namba zinageuka ukungu.
Nikizipata namba, akrabu imeyeyuka.

Nikaifungua mgongo ile ya chuma.
Ndani ya kifuniko, asikofika mvaaji,
mkwaruzo wa sindano: Z.O. 4/87.
Chini yake, 9/93.
Kisha 2/01, na hapo herufi zinatetemeka.
Miaka yote nilidhani ni kutu.

Hiyo picha hainunuliki, anasema Otuoma.

Najua.
Nifungie ya sitini.
Mwanga nitauchuja kwa shuka dirishani,
kamera nitailaza juu ya kifuko cha mchele wa Ahero,
na hiki kichwa nitajifunza pa kukiweka.
Ila punguza bei, bwana.
Imechubuka.