Fomu ya Mahakama, Chake Chake

Nimeambiwa nipige chapa: mhamiaji haramu.
Vidole vikasita.

Haramu naijua. Nguruwe, riba,
mali ya yatima.
Atija Momade hayumo humo:
miaka thelathini anachambua karafuu Mtambwe,
viganja vimekolea harufu
hata sabuni haiitoi.

Nikapiga: asiye na kibali.
Halikuenea, mstari mfupi.

Nikapiga: mgeni.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe —
na jembe analo,
mpini wa tatu huu, miwili imelika mkononi mwake.

Sheha akaulizwa, Unamjua huyu?
Akatazama sakafu.
"Ndiye aliyemwosha mama yangu."

Nikaliandika hilo, herufi kwa herufi,
penye Uraia.

Alasiri fomu ikarudi na wino mwekundu:
jaza upya.