Sehemu ya Nane

Nyumba yetu ilikuwa na kuta tatu.
Wa nne ulikuwa watu, mia mbili na kumi,
walioletwa kwa mabasi kutoka Pomona na Bakersfield,
wakagawiwa peremende
na kuahidiwa fulana, moja tu, kwa atakayecheka kuwashinda wenzake.

Kwa wiki saba niliitwa Trudy,
kila Alhamisi, saa mbili na nusu usiku.
Nilikuwa na miaka sita na pengo la jino la mbele.
Mwongozaji aliliombea dua lile pengo lisizibe upesi.

Baba aliuza mabwawa ya kuogelea
huko Duluth, ambako ziwa huganda hata meli zikakwama.
Huo ndio uliokuwa mzaha wenyewe, wote.
Wiki ya kwanza ulivunja watu mbavu.
Kufikia ya tatu, nao ulikuwa umeganda.

Kaka alinyoa ndevu mara mbili kwa siku
ili abaki na miaka kumi na minne.
Friji haikujua baridi. Maziwa yalikuwa rangi.
Bomba la jikoni lilitoa maji ya ndoo,
na ndoo aliishika Orrin, fundi, kachutama chini ya sinki,
akimsubiri Mama atamke neno "vyombo".

Na ngazi. Ngazi zilipanda hatua tisa,
zikapinda kulia,
zikaisha.
Huko juu, nilikotumwa kulala kila nilipokosa adabu,
palikuwa na ubao, kiti cha kukunja,
na kopo la majivu ya sigara za watu wazima.
Nilikaa hapo, mikono mapajani, nikiwasikia chini
wakinizungumzia kwa upendo.

Damu nzito kuliko maji, wanasema.
Yetu ilikuwa wino: kurasa arobaini na mbili,
nyeupe Jumatatu, za waridi Jumanne,
za buluu pale mtu wa ofisini alipoona
kwamba hatupendani vya kutosha.

Mama yangu, yule aliyenizaa,
alisimama nyuma ya kamera ya pili, mkoba kifuani,
midomo yake ikisema maneno yangu nusu sekunde kabla yangu.

Sehemu ya nane, nje kuna theluji (chumvi na pamba),
Baba ananifundisha baiskeli sebuleni.
Nazunguka sofa. Nasema: usiniachie.
Anasema: sijakuachia.
Naye kishaachia, yuko kule mlangoni,
mikono hewani, kama mtu aliyeporwa.
Hapo palipangwa kicheko.
Hakikuja.
Watu mia mbili na kumi walinyamaza, na mmoja,
mwanamume, akapenga kamasi.
Kwetu Reseda hapakuwa na mtu wa kushika tandiko.
Nikageuka, nikamwona alivyo mbali,
nikagonga ngazi, hatua ya saba. Pedali ikang'oa kipande cha mbao.
Mwongozaji alisema: acheni hivyo hivyo.

Simu ililia Jumanne.
Alhamisi, saa mbili na nusu, walionyesha watu wakirusha matufe ya bolingi.
Sehemu ya nane haikuonekana na jicho la mtu
asiyepandishwa basi jioni ile.

Leo ninasafisha meno mjini Reno.
Runinga ya kliniki inaning'inia darini, sauti imezimwa,
mgonjwa wangu anaitazama huku kinywa wazi.
Familia nyingine. Sofa jipya. Ngazi zimepakwa rangi nyeupe,
lakini hatua ya saba ina kovu.

Mtoto wa kike, mwenye suka mbili,
amefokewa; anazipanda akilia,
anapinda kulia, anatoweka.

Mgonjwa akaniuliza kwa macho mbona nimesimama.
Nilitaka kumwambia yule mtoto:
kiti kiko kushoto, kikunjue taratibu, kinafinya vidole.
Wasikilize wakikusifu.
Halafu shuka kwa njia ya nyuma, Orrin atakushika mkono,
gizani hapo kuna nyaya.