Hapo, Usiguse

Ngazi ya Kabugho ina vidato tisa, cha nne kimeoza.
Niliambiwa mapema, nikasahau mapema,
ndiyo maana nilifika paani nikichechemea.

Asubuhi ya Kasese haina subira:
saa tatu tu, bati lishakuwa kikaango.
Gari-nyumba limekaa nyuma ya stesheni
palepale lilipozimika mwaka ule,
likapewa ua wa michongoma, kuku, kamba ya kuanikia.
Magurudumu yamezama udongoni hadi katikati.

Antena ilinisubiri kama mifupa ya sato
aliyeliwa na wengi. Mbavu saba, nne zimepinda,
ya nane ni kijiko cha chai kilichofungwa kwa waya.
"Toa yote," alisema Kabugho kutoka chini.
"Miaka mingi kioo kinanionyesha chenga tupu,
na chenga ninazo jikoni."

Nikaanza na bolti. Kutu haibembelezwi.
Niliipa mafuta ya taa, nikaipa dakika,
nikaipa tusi moja la gereji,
ndipo ikalia, ikageuka robo, ikakubali.
Ya pili ikakatika kichwa.
Ya tatu haikuwapo: palikuwa na msumari na imani.

Nikainua sketi ya mpira iliyozuia mvua,
na chini yake, mahali jua halikufika,
rangi ya paa bado ni ya bluu. Nikaona mikwaruzo.
Nikadhani panya.
Panya hawaandiki.

LIRA, na mshale.
MASINDI, mshale umeegemea kushoto.
MBALE mara mbili, ya kwanza imefutwa kwa hasira.
HOIMA. KABALE.
BUSHENYI, MVUA.
Kila mji na upande wake, wameuzunguka mlingoti
kama watu wanaoota moto.

Baba yake, Baluku, alikuwa fundi wa mizani.
Alizunguka na gari hili kwenye vyama vya pamba na kahawa
akiyapima mawe ya kupimia, akiwaudhi makarani.
Jioni aliegesha, akapanda, akageuza chuma
kidogo, kidogo tena,
na binti ndani, pua kiooni, akipaza sauti:
Bado! Bado! Imekuja! Imeenda!
Hapo, baba, usiguse!
Siku nyingine alisimama vivyo hivyo
hadi taarifa ya habari iishe, mkono mlingotini,
maana akiuachia picha inaanguka.
Yeye mwenyewe hakuona habari. Alisimuliwa.

Antena mpya ni duara, nyepesi kama bakuli.
Haitaki kugeuzwa, haiulizi uko mji gani.
Ila kitako chake kipana: kingeifunika Lira hadi Kabale
chini ya gundi nyeupe, na kazi ingekwisha saa nne.

Nikamwita.
Alipanda (yeye hakukisahau kidato cha nne),
akapiga magoti kwenye bati la moto, akasoma kwa kidole.
Kwenye Bushenyi kidole kikasimama.
"Hapa nililala mbele ya kioo," alisema.
"Akabaki mvuani, akidhani bado naangalia."
Akacheka, kisha hakucheka.
"Sogeza."
Nikamwambia bei ya kusogeza: tundu jipya,
na paa la matundu mawili lina masika mawili.
"Sogeza."

Nikatoboa shubiri moja pembeni.
Tundu la zamani nikaliziba kwa gundi isiyo na rangi,
nikaipaka nyembamba juu ya majina pia, yaonekane.
Kijiko alikichukua, akakifuta kwa gauni, akashuka nacho.

Saa saba akawasha.
Picha ilikuja mara moja, bila kubembelezwa,
safi hata niliisikia ilivyo safi:
mtangazaji akisoma neno kwa neno, hakuna mkwaruzo.
Mimi nakusanya spana, nakunja waya wa zamani,
mara sauti ikapanda kutoka dirishani:

"Hapo, usiguse!"

Sikuwa nimegusa kitu.
Nikasimama hivyo hivyo, koleo mkononi, jua utosini,
hadi taarifa ya habari ikaisha.